Ni Bima ya Nani? Madai ya Fidia Baada ya Ajali ya Pikipiki

Tuchukue ajali moja ya mfano, ya aina ambayo mkazi yeyote wa Kiwalani ataitambua. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua ya masika imekatika muda mfupi uliopita na barabara ya mtaa imejaa madimbwi. Bodaboda imeondoka kijiweni ikiwa imempakia mama mmoja anayerudi nyumbani kutoka kwenye biashara yake ya chakula. Gari dogo linachomoza uchochoroni bila kusimama. Dereva wa pikipiki anajaribu kukwepa, anagongwa ubavuni, pikipiki inateleza na kumvaa kijana aliyekuwa akitembea pembezoni mwa barabara. Dereva amevunjika mguu. Abiria ameumia bega na mkono. Kijana hawezi kusimama. Mwenye pikipiki, ambaye hakuwapo, anapigiwa simu huko Yombo na kuelezwa kwamba tangi limebonyea na shokapu za mbele zimepinda.

Watu wanajaa, na kati yao hakosekani wa kusema: "Msihangaike, pikipiki ina bima." Kauli hiyo ni ya kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu watu. Katika ajali hii kuna watu wanne wenye hasara, na huenda kuna bima mbili: ya pikipiki na ya gari. Kila mmoja wa wanne hao anasimama mahali tofauti mbele ya bima hizo, na yupo anayeweza kugundua kwamba hana hata moja ya kuitegemea. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: bima hii ni ya nani, na inamlinda nani?

Nani analindwa na bima ipi

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamkataza mtu kutumia chombo cha moto barabarani, au kumruhusu mwingine akitumie, bila bima ya dhima kwa mtu wa tatu. Hii ndiyo bima ambayo mitaani huitwa bima ndogo. Neno "mtu wa tatu" huwachanganya wengi, ingawa maana yake ni nyepesi. Katika mkataba wa bima, wa kwanza ni mwenye chombo aliyekata bima, wa pili ni kampuni iliyopokea ada yake, na wa tatu ni yule aliye nje ya mkataba ambaye chombo hicho kimemuumiza. Bima ndogo imewekwa kwa ajili ya huyo wa nje. Haikuwekwa kumtibu dereva aliyekuwa akiendesha, wala kuitengeneza pikipiki yenyewe.

Hapa ndipo matumaini ya madereva wengi huvunjika. Mtu amelipa ada kila mwaka bila kukosa, amevunjika mguu, anakwenda kwa wakala wake na kuambiwa kwamba bima aliyoikata haimhusu. Anaona ameibiwa. Hakuibiwa, alinunua ulinzi wa watu wengine akidhani amenunua wa kwake, na pengine hakuna aliyejishughulisha kumweleza tofauti siku alipolipa. Tunasema hivi kwa masikitiko, kwa sababu maelezo hayo yangechukua dakika mbili.

Hata hivyo, dereva asikate tamaa mapema. Katika mfano wetu yeye ni mtu wa tatu kwa upande wa gari lililomgonga. Ikithibitika kwamba kosa ni la mwendesha gari, basi dereva wa pikipiki, abiria wake na kijana aliyekuwa akitembea wote wanaelekeza madai yao kwenye bima ya gari lile. Mwenye pikipiki naye anaweza kudai uharibifu wa chombo chake huko huko, kwa kiwango ambacho hati ya bima ya gari inaruhusu kwa mali ya watu wengine. Ikithibitika kwamba kosa ni la pikipiki, mambo yanageuka: abiria na kijana wanaelekea kwenye bima ya pikipiki, na dereva anabaki na maumivu yake. Pande zote mbili zikiwa na kosa, fidia ya kila mwenye kosa hupunguzwa kulingana na sehemu yake. Aliyeendesha bila kofia ngumu na kuumia kichwa ategemee kuulizwa juu ya kofia hiyo.

Abiria anahitaji maelezo ya peke yake. Sheria inataka bima ya chombo kinachobeba watu kwa nauli iwalinde na abiria hao. Lakini pikipiki nyingi zinazobeba abiria zimekatiwa bima ya matumizi binafsi, kwa sababu ada yake ni nafuu zaidi au kwa sababu wakala hakuuliza pikipiki itafanya kazi gani. Hati ya bima huandika matumizi yaliyoruhusiwa. Pikipiki ya matumizi binafsi ikipata ajali ikiwa na abiria wa kulipa, kampuni itashikilia kwamba chombo kilikuwa nje ya mkataba, na mama yule wa chakula atajikuta katika mabishano ambayo hakuyaanzisha. Mwenye pikipiki naye atabaki akidaiwa fidia kutoka mfukoni mwake. Ugomvi wa namna hiyo hutokea pia pale dereva anapopakia "mishikaki", abiria wawili au watatu kwa mara moja, ilhali pikipiki inaruhusiwa kubeba mmoja tu.

Kwa mwenye pikipiki, kinacholipia chombo chake mwenyewe kikiharibika au kuibwa, bila kujali kosa ni la nani, ni bima kubwa. Asome katika hati kiasi ambacho atajibebea mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na thamani aliyoiandikisha. Aliyeandikisha thamani pungufu ili alipe ada ndogo asishangae kulipwa pungufu. Kama pikipiki ilinunuliwa kwa mkopo, mara nyingi mkopeshaji ndiye anayetajwa kulipwa kwanza.

Na dereva aliyekosea, je? Zipo njia tatu, na zote zinahitaji kuandaliwa kabla ya ajali. Ya kwanza ni bima ya ajali binafsi, ambayo mtu hujikatia mwenyewe au kupitia kikundi cha kijiwe. Hii hulipa kwa kifo, ulemavu au matibabu kwa viwango vilivyoandikwa, bila kuuliza nani alikosea. Ya pili ni bima ya afya, ambayo hugharimia matibabu lakini haimfidii siku alizokosa kazi. Ya tatu inamhusu dereva aliyeajiriwa, kwa mfano anayesambaza mizigo au chakula kwa niaba ya kampuni: mwajiri wake anapaswa kuwa amesajiliwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini anadai huko. Dereva anayepeleka hesabu ya siku kwa tajiri bila mkataba wa ajira atapata shida kuonyesha kwamba yeye ni mwajiriwa. Ni jambo la kuzungumzwa na tajiri mapema, wakati wote wawili bado wana afya.

Palepale barabarani

Uhai hutangulia madai. Majeruhi apelekwe hospitali, iwe Amana, Temeke au kituo kingine kilicho karibu, na aliyevunjika vibaya huenda akapewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Lakini ndugu na majirani wakigawana kazi, mmoja akaenda na majeruhi na mwingine akabaki eneo la ajali, familia itakuwa imejisaidia sana.

Anayebaki apige picha kwa simu: namba ya gari, namba ya pikipiki (ile inayoanza na MC), vyombo vilipo kabla havijasogezwa, alama za breki, hali ya barabara. Aandike majina na namba za simu za mashahidi wawili au watatu, hasa wasio ndugu wala madereva wa kijiwe kimoja na aliyeumia, kwa kuwa ushahidi wa watu wasio na upande huaminika zaidi. Achukue jina na leseni ya kila dereva.

Namba ya usajili ndiyo ufunguo wa kila kitu kinachofuata. Siku hizi stika za bima ni za kielektroniki, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo unaoitwa TIRAMIS ambamo mtu yeyote anaweza kuhakiki kwa namba ya chombo kama kina bima hai, ya kampuni gani na inaisha lini. Fanya uhakiki huo siku hiyo hiyo na uhifadhi picha ya majibu. Gari lililokimbia bila namba yake kusomwa linamwacha majeruhi bila kampuni ya kuidai, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kulipata.

Kishawishi cha kumalizana

Sasa tufike kwenye jambo linalopoteza madai mengi kuliko kuchelewa au kukosa karatasi. Mwendesha gari anashuka, anatazama umati, anaona madereva wa bodaboda wakizidi kuongezeka, na kwa hofu au kwa ujanja anasema: "Jamani, tumalizane hapa hapa." Anatoa noti kadhaa. Mtu anaandika karatasi: nimepokea kiasi fulani, sina madai tena. Majeruhi, akiwa bado na mshtuko na hajui kama mfupa umevunjika au la, anatia sahihi.

Tunaelewa kwa nini watu hukubali. Polisi ni mbali, kesi ni ndefu, na fedha ya leo inanunua dawa leo. Si haki kumlaumu mtu anayevuja damu kwa kuchukua alichopewa. Lakini karatasi ile itarudi. Wiki tatu baadaye, picha ya eksirei ikionyesha kwamba bega linahitaji upasuaji, kampuni ya bima itaitoa na kusema dai lilikwisha. Zaidi ya hapo, ajali isiyoripotiwa haina taarifa ya polisi, na dai la majeruhi lisilo na taarifa ya polisi karibu halina miguu ya kusimamia.

Upande wa pili nao una hatari yake. Hati za bima kwa kawaida zinamkataza mwenye bima kukiri kosa, kuahidi malipo au kupatana na mtu bila ridhaa ya kampuni. Mwenye chombo anayelipa barabarani ili yaishe anaweza kuipa kampuni yake sababu ya kumkatalia pale majeruhi anaporudi akiwa na gharama kubwa zaidi.

Ikiwa mwenye gari anataka kusaidia matibabu ya haraka, apokelewe kwa shukrani na iandikwe hivyo: ni msaada wa matibabu ya dharura, na haki ya kudai fidia inabaki. Sentensi hiyo moja inatosha kuokoa dai. Usiandike wala kutia sahihi maneno "sina madai tena" siku ya ajali, hata kama karatasi imeandikwa na mzee wa mtaa unayemheshimu.

Karatasi za polisi na za hospitali

Ajali yenye majeruhi lazima iripotiwe polisi. Kituo kitakachoandikisha ajali kitatoa fomu namba 3, maarufu kama PF3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Hakikisha kila majeruhi ana PF3 yake. Abiria na kijana hawawezi kutumia ya dereva. Kabla ya kuirudisha kituoni, ipige nakala. Tumeona madai yakikwama miezi mingi kwa sababu fomu ya asili haikuonekana na hakuna aliyekuwa na nakala.

Askari wa usalama barabarani watapima eneo, watachora ramani ya ajali, vyombo vitakaguliwa, na ripoti ya ukaguzi, PF93, itaandikwa. Baadaye hutolewa taarifa ya polisi kuhusu ajali, ambayo kampuni za bima huijua kwa namba yake, PF90. Katika karatasi hizo huonekana nani anatuhumiwa kwa kosa. Kama dereva mmoja amefikishwa mahakamani kwa kosa la usalama barabarani na akatiwa hatiani, omba nakala ya hukumu. Wapo wanaodhani kwamba faini iliyolipwa pale ndiyo fidia yao. Faini huenda serikalini. Hukumu, hata hivyo, ni ushahidi mzito katika dai lako, kwa sababu imeshaamua kosa lilikuwa la nani. Fuatilia namba ya kesi na tarehe zake, kwa maana dereva akikiri kosa kesi inaweza kwisha siku ya kwanza na wewe usijue.

Hospitalini tunza kila risiti, hata ya bandeji. Tunza risiti za magongo, za picha za eksirei, za dawa zilizonunuliwa duka la nje kwa sababu ndani hazikuwepo. Nauli ya bajaji ya kwenda kliniki mara kwa mara nayo ni gharama ya ajali. Andika tarehe na kiasi kwenye daftari siku ile ile.

Kipato kilichopotea ni kipengele ambacho watu wa kipato cha kila siku hukikosa, ilhali wana haki nacho. Mwajiriwa ana hati ya mshahara. Mama wa chakula ana nini? Anaweza kuwa na leseni au kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, daftari la mauzo, kumbukumbu za miamala ya fedha kwa simu, risiti za mchele na mafuta anayonunua kwa jumla, na barua ya ofisi ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba ni mkazi na anafanya biashara hiyo mahali fulani tangu lini. Dereva wa bodaboda anaweza kuonyesha mkataba wake na mwenye pikipiki unaotaja hesabu ya siku, pamoja na barua ya uongozi wa kijiwe. Hakuna moja kati ya hizo iliyo kamili, lakini zikiwekwa pamoja zinaeleza maisha ya mtu vizuri kuliko maneno matupu.

Kufungua dai

Mwenye chombo anapaswa kuijulisha kampuni yake mara moja, hata kama anaamini hana kosa na hata kama hajadaiwa. Hati ya bima huweka muda wa kutoa taarifa, usome. Ataombwa kujaza fomu ya dai na kuambatisha kadi ya pikipiki, leseni ya dereva na taarifa ya polisi. Pikipiki isitengenezwe kabla mkadiria hasara wa kampuni hajaiona. Fundi akishanyoosha shokapu na kubadilisha taa, uthibitisho unakuwa umekwenda naye.

Kadi ya pikipiki huleta matatizo kuliko watu wanavyodhani. Pikipiki hununuliwa mkononi, inabadilisha mwenye mara mbili au tatu, na kadi inabaki na jina la mtu aliyehamia mkoa mwingine. Bima inakatwa kwa jina lililo kwenye kadi. Ajali ikitokea, anayeidai kampuni si mtu aliyefunga nayo mkataba. Kuhamisha umiliki na kuijulisha kampuni ya bima kuna gharama, lakini ni ndogo kuliko usumbufu huo. Leseni nayo iwe ya daraja la pikipiki na iwe haijaisha muda.

Majeruhi hana haja ya kumsubiri mwenye chombo. Anaweza kuiandikia kampuni ya bima ya chombo kilichomuumiza moja kwa moja, akieleza tarehe, mahali, namba ya chombo, majeraha na anachodai, na kuambatisha nakala za karatasi zake. Peleka barua mbili zinazofanana: moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Majeruhi pia asitishwe na kauli kwamba mwenye chombo alichelewa kutoa taarifa. Kosa alilofanya mwenye bima baada ya ajali halipaswi kumnyima mtu wa tatu haki yake. Kampuni inaweza kumlipa na kisha kumgeukia mteja wake.

Kumbuka pia muda wa sheria. Dai la madhara ya uzembe, linapofikia kufunguliwa mahakamani, lina ukomo wa miaka mitatu tangu ajali ilipotokea. Miaka mitatu huonekana mingi kwa aliyelazwa hospitalini, lakini mazungumzo na kampuni yanaweza kuimaliza polepole, ahadi moja baada ya nyingine, na mazungumzo hayasimamishi saa. Yanapokaribia mwaka wa pili bila jibu la maandishi, tafuta mwanasheria. Sura ya 169 inailazimu kampuni ya bima kulipa hukumu ambayo majeruhi ameipata dhidi ya mteja wake kwa dhima iliyokatiwa bima, mradi kampuni ilijulishwa kuhusu kesi hiyo. Taarifa hiyo kwa kampuni itolewe kabla ya kesi kufunguliwa, ili pasiwe na nafasi ya kubishana.

Karibu na wodi na vituo vya polisi utakutana na watu wanaojitolea kukufuatilia dai. Baadhi ni mawakili halali. Wengine ni vishoka, na kazi yao ni kukusainisha mamlaka ya kupokea fedha kwa niaba yako, kisha kukuletea sehemu ndogo na hadithi ndefu. Kabla ya kusaini chochote, uliza jina kamili na ofisi, thibitisha kama ni wakili aliyesajiliwa, na andikishianeni malipo yake. Malipo ya fidia yaingie kwenye akaunti yako mwenyewe. Asiyemudu wakili atafute wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii inaweza kukuelekeza kwao.

Unapoitwa kusaini

Kampuni ikikubali dai itakuita na kukupa hati ya kumaliza dai. Hati hiyo inasema kiasi unacholipwa na kwamba, ukishapokea, hutadai tena kwa ajali hiyo. Ndiyo karatasi yenye uzito kuliko zote, na mara nyingi husainiwa kwa haraka kuliko zote, mezani, huku mtu mwingine akisubiri zamu yake.

Una haki ya kuichukua nakala nyumbani na kuisoma. Una haki ya kuuliza kiasi hicho kimefikiwaje: matibabu ni kiasi gani, kipato kilichopotea ni kiasi gani, maumivu na ulemavu ni kiasi gani. Una haki ya kukataa na kueleza kwa maandishi kwa nini unaona ni pungufu. Na kama bado unatibiwa, usimalize dai. Bega la mama yetu linaweza kuonekana limepona mwezi wa pili na kushindwa kuinua sufuria mwezi wa sita. Subiri daktari aandike ripoti ya mwisho inayosema umepona kwa kiasi gani na kama umebakiwa na ulemavu wa kudumu, kwa asilimia ngapi. Dai linalopelekwa bila ripoti hiyo linakadiriwa kwa gharama za dawa tu.

Ajali iliyoleta kifo

Familia ya marehemu ina njia yake, na inapita katika huzuni na katika ofisi nyingi. Wategemezi, yaani mke au mume, watoto na wazazi, wana haki ya kudai fidia kwa kumpoteza aliyekuwa akiwatunza. Lakini kampuni haitamlipa mtu kwa sababu tu ni kaka mkubwa. Itahitaji cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, ripoti ya uchunguzi wa mwili, taarifa ya polisi, na barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Uteuzi huo huanza na kikao cha familia chenye muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, kisha maombi mahakamani. Familia zinazogombana juu ya nani awe msimamizi hupoteza miezi ambayo watoto ndio wanaoilipia. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa vitafutwe mapema. Kibali cha mazishi kisitupwe baada ya msiba. Ndicho kinachoanzisha safari ya kupata cheti cha kifo.

Kampuni ikikataa au ikinyamaza

Kukataliwa kuwe kwa maandishi. Jibu la mdomo la karani kaunta halikupeleki popote. Andika barua kwa mkuu wa kampuni ukiomba sababu za kukataliwa na kifungu cha hati ya bima kinachotegemewa, na weka nakala yenye muhuri. Ukipewa sababu, isome pamoja na hati yenyewe. Mara nyingine sababu ni halali: bima ilikuwa imekwisha, au uhakiki unaonyesha kwamba haikuwahi kuwapo kwa sababu wakala alikula ada. Kama ni hili la mwisho, una lalamiko dhidi ya wakala, na risiti yako ndiyo silaha.

Kama hukuridhika, malalamiko yanaweza kupelekwa TIRA, ambayo inasimamia kampuni, madalali na mawakala wa bima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Sheria hiyo hiyo ilianzisha ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya bima, inayojulikana kwa kifupi kama TIO, ambayo husikiliza mwenye dai na kampuni bila kumtoza mlalamikaji. Huko huendi na mashahidi wa kijiweni. Unakwenda na bahasha yenye nakala ya barua yako ya kwanza ya dai ikiwa na muhuri, majibu ya kampuni au uthibitisho kwamba haikujibu, PF3, taarifa ya polisi, risiti, ripoti ya daktari, na ile picha ya TIRAMIS uliyoihifadhi siku ya ajali. Nakala za asili zibaki kwako. Peleka vivuli, na andika juu ya bahasha namba ya simu ambayo hutaibadilisha.